Kabla ya Kufunga Safari kwa Mayatima

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi watu wa pwani tumeiishi methali hii tangu zama za majahazi, wala hatuna haja ya kufundishwa maana yake. Lakini siku hizi yuko mgeni wa namna nyingine. Haji kufanya biashara, wala haji kuota jua ufukweni. Huja kwa wiki mbili au tatu, amejilipia nauli mwenyewe, na asemalo ni kwamba amekuja kuhudumia mayatima. Hana mshahara na hataki mshahara. Je, anapokuja mgeni huyo, anayepona ni nani? Katika makala haya nataka tulitazame jambo hilo kwa utulivu, maana mwaka huu limenifikia mlangoni.

BARUA KUTOKA LEICESTER

Mtoto wa kike wa dada yangu anakaa Leicester, Uingereza. Alizaliwa huko, lakini mamake hakumwacha akaisahau lugha, na hata leo akinipigia simu huanza kwa shikamoo. Mwezi wa Rajab aliniletea barua ndefu kwa simu ya mkononi. Yeye na wenzake saba, wavulana kwa wasichana wa msikiti mmoja, walikuwa wameazimia kuitumia likizo ya Agosti katika nyumba ya mayatima, Mombasa au jirani ya Mombasa, kwa muda wa wiki tatu. Asubuhi watasomesha Kiingereza, alasiri watacheza na watoto, na mwisho watapaka kuta rangi. Kila mmoja ataleta sanduku moja la zawadi.

"Mjomba," aliandika, "sisi nia yetu ni thawabu tu. Tutafutie nyumba yenye haja, na utuulizie mahali pa kulala penye staha kwa wasichana."

Walikuwa wamekwisha kupiga hesabu. Nauli, malazi, bima na zawadi, kila mmoja pauni 1,500. Kwa watu wanane ni pauni 12,000, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Sehemu ya fedha hizo walikuwa wakiichangisha msikitini na kwa majirani, kwa jina la yatima.

Kwa jina la yatima! Hapo ndipo nilipolichukua jambo hili kwa uzito. Sote tunajua jinsi Qur'ani Tukufu, hasa katika Suratun-Nisaa, ilivyoonya juu ya mali ya yatima. Fedha iliyochangwa kwa jina lake ni amana, na mwenye kushika amana hana budi kuuliza inakwenda wapi. Basi nilichukua daftari nikaandika mambo manne: mahali, ruhusa, kazi na fedha. Nikatoka kwenda kuuliza.

NYUMBA YA WATOTO 43

Nilivuka kivuko cha Likoni, nikapanda matatu mpaka kwenye nyumba niliyoelekezwa na rafiki. Jina lake sitalitaja, kwani mwenyewe hakuniomba nimtangaze. Palikuwa safi. Watoto walikuwa 43, wameoga, na mchana ule walikula wali kwa maharagwe ya nazi. Mama msimamizi, mtu mzima mwenye heshima zake, alinikaribisha kwa dafu akanifungulia kitabu cha wageni. Kwa mwezi wa Agosti uliopita peke yake kilikuwa kimejaa majina ya watu waliotoka Italia, Ujerumani, Uingereza na Ghuba.

Nilimwuliza: "Katika watoto hawa 43, ni wangapi wasio na baba wala mama?"

Alihesabu kwa vidole. "Watano," akasema. "Na wawili waliokotwa, hatujui asili yao. Hao wengine wana mama zao, na wako ambao hata baba zao wako hai. Umaskini ndio uliowaleta. Hapa kuna chakula na kuna skuli."

Kisha akaniambia neno lililonishika zaidi. Wageni wakiondoka, watoto wadogo hulia siku mbili tatu, na wengine hukojoa kitandani. Halafu huja kundi jingine, nao huanza upya kuwaita "mama" na "baba" watu ambao hata majina yao hawayajui.

"Na wakubwa?" nilimwuliza.

"Wakubwa hawalii tena," alinijibu. "Wameshazoea. Mgeni akija humkimbilia, wakamkumbatia na wakamwimbia. Akiondoka hurudi kwenye mchezo wao, kana kwamba hakuja mtu."

Nilipokuwa nikitoka, mtoto wa miaka minne hivi alinishika kanzu. "Utakuja kesho?" aliniuliza. Nilikuwa sijakaa naye hata dakika kumi.

SI KWETU PEKE YETU

Nilitaka kujua kama hayo ni ya nyumba moja tu, au ndiyo tabia ya nyumba za namna hiyo popote zilipo. Niliporudi mjini nilikaa na vitabu na ripoti, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwaka 1951 daktari Mwingereza aitwaye John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliokosa malezi ya nyumbani. Rai yake ilikuwa kwamba mtoto mdogo anamhitaji mtu mmoja wa kudumu, awe ni mamake au aliyeshika mahali pa mama, na kwamba akimkosa mtu huyo hudhurika hata akiwa ameshiba.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kupatikana Romania. Utawala wa Nicolae Ceausescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona watoto zaidi ya 100,000 waliokuwa wakilelewa katika majumba ya Serikali. Mwaka 2000 wataalamu kutoka Marekani walianza utafiti mjini Bucharest juu ya watoto 136 wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu yao walitiwa katika familia za walezi, na nusu wakaendelea na malezi waliyokuwa nayo. Waliopata familia, na hasa waliozipata kabla ya kutimiza miaka miwili hivi, waliwapita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na watu. Majumba yale yalikuwa na vitanda na chakula. Kilichokosekana ni mtu wa kudumu, kwa sababu walezi walikuwa wakipokezana zamu.

Sasa hebu tazama, ndugu msomaji. Ikiwa walezi wa mshahara, wanaorudi kesho kutwa, wamemkosesha mtoto haja yake kwa kupokezana zamu, tutasemaje juu ya wageni wanaopokezana kila wiki tatu na wasirudi tena?

Mfano wa pili uko ng'ambo ya bahari yetu hii hii, kwa ndugu zetu wa Aceh, Indonesia, watu wa madhehebu ya Imamu Shafii kama sisi. Bahari ilipoinuka tarehe 26 Desemba 2004, Indonesia ilipoteza watu zaidi ya 160,000, waliokufa au kutojulikana walipo, na wengi wao walikuwa wa Aceh. Mawimbi yale yalifika Somalia, yakafika na kwetu. Dunia ilituma misaada kwa ajili ya mayatima wa Aceh, na nyumba za watoto, ambazo huko huitwa panti asuhan, zikajaa. Wachunguzi walipozipitia mwaka 2006 waliona kwamba karibu watoto wote walioingizwa baada ya gharika waliletwa na jamaa zao wenyewe, na sababu kubwa ilikuwa kupata masomo. Ripoti nyingine ya mwaka 2007, iliyotazama mikoa kadhaa ya Indonesia, ilionyesha kwamba kiasi cha watoto 9 katika kila 10 walikuwa na mzazi aliye hai, na zaidi ya nusu walikuwa nao wote wawili. Kwa maneno mengine, fedha ilitiwa katika jengo, na mtoto akaifuata fedha.

Kambodia nayo ilishuhudia nyumba za mayatima zikiongezeka kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, katika miaka ambayo watalii walikuwa wakimiminika. Robo tatu hivi ya watoto waliokuwamo walikuwa na mzazi. Huko Nepal mambo yalikuwa mazito zaidi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1996 hadi 2006, madalali walipanda milima ya Humla, wakachukua fedha za wazazi kwa ahadi ya kuwasomesha watoto wao, kisha wakawaweka watoto hao Kathmandu na kuwaita mayatima mbele ya wageni. Mambo hayo yaliposhtakiwa na watu wengi, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la Desemba 2019 juu ya haki za mtoto, lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya kujitolea na utalii wa nyumba za mayatima unaowadhuru watoto.

Sisemi kwamba yule mama wa ng'ambo ya kivuko ni dalali. Hasha. Nasema kwamba mtu mwema na dalali wanaweza kujikuta katika mkondo mmoja wa maji, na mkondo huo unasukumwa na sadaka zetu wenyewe.

YATIMA WA SHERIA ANA MAMA

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na ambalo hata sisi hulisahau. Katika sheria yetu, yatima ni mtoto aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe. Haikushurutishwa kwamba mamake naye awe amekufa. Mara nyingi mama yuko hai, na haki ya kumlea, yaani hadhana, ni yake kwanza. Asipokuwapo, kwa madhehebu yetu humwendea mama yake mama. Sheria ilipomzungumzia yatima, basi, ilimwona akiwa nyumbani, kati ya mama na jamaa, na ikawaamuru jamaa na majirani wasimdhulumu wala wasimtupe.

Tuitazame sira ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Babake Abdallah alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mamake Amina alifariki mwana akiwa na miaka sita. Akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, na babu alipofariki akalelewa na ami yake Abu Talib. Alitoka mikononi mwa mtu akaingia mikononi mwa mtu, wote jamaa zake.

Na Imamu Shafii mwenyewe, ambaye sisi wa pwani tunasali na kufunga kwa madhehebu yake, alikuwa yatima. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, ambao ni mwaka 767, na babake alifariki angali mdogo. Mamake, mwanamke maskini, alimbeba akampeleka Makka ili akulie kwa watu wa nasaba yake. Lau katika zama zile angetokea mtu akamwambia mama yule, niachie mwanao nimlishe, wewe nenda zako, huenda tungalimkosa imamu.

Mtume ametubashiria kwamba mwenye kumkimu yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vya mkono mmoja vilivyo karibu. Bishara hiyo ni ya anayebeba mzigo wa yatima mpaka yatima aweze kusimama. Wiki tatu za Agosti ni ziara. Ziara ina thawabu zake, lakini tusizichanganye.

KWALE WALIJARIBU

Wapo watakaosema: hayo ni maneno mazuri, lakini mama maskini hawezi. Kwa hiyo nataka kuwakumbusha jambo lililofanyika hapa hapa petu. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza majaribio ya kuzipa fedha taslimu familia zinazolea mayatima na watoto wenye dhiki. Zilichaguliwa familia 500 katika Kwale, Garissa na Nairobi, na kila moja ikapewa shilingi 500 kwa mwezi. Zilikuwa fedha kidogo sana. Lakini mpango ulikua ukaenea nchi nzima, malipo yakafika shilingi 2,000 kwa mwezi, na watafiti walioufuatilia waliona kwamba watoto zaidi wa nyumba hizo waliendelea na masomo ya sekondari. Mtoto alibaki kwa mamake au kwa bibi yake, na alisoma.

Sheria nayo imeelekea huko. Tangu Novemba 2017 Serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitambua kafala kuwa njia mojawapo ya kumlea mtoto wa Kiislamu aliyekosa wazazi, kama vile Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ulivyoitaja katika kifungu chake cha 20. Na mwaka huo huo wa 2022 ulitangazwa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarejesha watoto katika familia. Anayekuja leo kusaidia jengo lijae anakwenda kinyume cha njia ambayo nchi imeishika.

Juu ya ruhusa, mgeni aliyeingia kwa kibali cha utalii haruhusiwi kufanya kazi, hata iwe ya kujitolea. Hutakiwa apate kibali cha Idara ya Uhamiaji kabla. Tena wako wanaodhani kumtaka mgeni wa kheri cheti cha polisi ni kumvunjia heshima. Na wakumbuke kwamba mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimhukumu kijana kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kimwili watoto wa nyumba moja ya Nairobi aliyokwenda kujitolea mwaka 2014. Mtu mwema hadhuriki kwa kuulizwa cheti cha tabia njema. Polisi wa Uingereza hutoa cheti maalumu kwa anayekwenda kufanya kazi na watoto ng'ambo.

MCHELE UTATOKA WAPI?

Nilirudi kwa yule mama msimamizi na mambo hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Wageni wasipokuja, mchele utatoka wapi?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Mgeni akimwona mtoto hutoa fedha. Asipomwona, hufunga mkoba. Watoto saba kati ya wale 43 hawana kwao, na kwao nyumba ile ni rehema. Wengine wako ambao nyumbani kwao kuna ulevi au kipigo, na kuwarudisha kwa pupa ni kuwatupa. Mtu asichukue makala haya akaenda kuufunga mlango wa nyumba yoyote ya watoto. Atakuwa amemdhulumu yatima mara ya pili.

Tulikaa tukazungumza hadi alasiri. Mwishowe alisema kwamba akipata fedha bila ya wageni, yu tayari kuanza na akina mama wale ambao kikwazo chao ni karo na chakula tu. Alikuwa akiwajua wote kwa majina na mitaa. "Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mama zao," alisema. "Kila mtu huniuliza habari za watoto."

JAWABU NILILOMPA

Usiku ule nilimwandikia mtoto wa dada yangu. Sikumwambia asije, kwani hapa ni kwao. Nilimwandikia hivi: "Mwanangu, rangi ya ukuta iacheni. Mafundi wa rangi wako Likoni, na wanatafuta kazi ili watoto wao wenyewe wasipelekwe kwenye nyumba hizo. Kiingereza kina walimu hapa waliosomea kazi na hawajaajiriwa. Mtoto hahitaji rafiki wa wiki tatu. Shilingi 6,000 kwa mwezi zitamweka kwa mamake, na kwa mwaka ni 72,000. Pigeni hesabu upya."

Jawabu lake halikuchelewa, na halikuwa tamu. "Mjomba, wenzangu wamevunjika moyo. Wanasema mtu huona uzito kutoa pesa kwa asichokiona. Na wengine wanauliza, kwani sisi tuna kasoro gani hata tusiwaguse watoto?"

Nilimjibu kwamba kasoro hawana, ila wana tikiti ya kurudi. Na juu ya kuona, dini yetu imeisifu sadaka ya siri, ambayo mkono wa kushoto haujui mkono wa kulia umetoa nini. Anayehitaji hesabu atapewa hesabu, kila mwezi, kwa maandishi, shilingi kwa shilingi. Picha za watoto hatapewa.

Walibishana wao kwa wao mwezi mzima. Wawili walijitoa kabisa. Sita waliobaki walikubaliana kwamba wanne wasije, na nauli zao pamoja na michango ya msikiti ziletwe zilivyo. Zilifika shilingi milioni moja na nusu. Zimewekwa chini ya kamati ya watu watano, akiwamo mama msimamizi, na Afisa wa Watoto amejulishwa. Kina mama 12 wameandikwa kwa mwaka mmoja, na kiasi kilichobaki kitanunua chakula cha nyumba na kulipa nauli za kuwatafuta jamaa wa watoto wengine. Wanaokuja ni wawili. Mmoja ni muuguzi wa watoto mwenye uzoefu, ambaye akipata kibali atakaa siku kumi na walezi, si na watoto, kuwafundisha namna ya kumhudumia mtoto mwenye ulemavu wa viungo, kwani wako wawili pale. Wa pili ni mtoto wa dada yangu, anayekuja kuamkia wazee wake.

Mpaka ninapoandika haya, waliorudi nyumbani ni wawili tu, ndugu wa tumbo moja, wa miaka saba na mitano. Mama yao ni mjane anayekaanga mahamri alfajiri. Nilikwenda kumjulia hali wiki tatu baada ya watoto kurudi. Aliniambia mkubwa amemkasirikia na hamjibu vizuri, kwa sababu aliachwa miaka miwili. Mdogo hulala ameishika ncha ya leso yake, na mama akiamka saa kumi kuwasha jiko hubidi aivue leso amwachie. "Sijui fedha zenu zikiisha itakuwaje," alisema. Nami sikumdanganya kwamba nitajua. Nilimwambia kwamba kamati imekwisha kuanza kutafuta za mwaka wa pili, na ndivyo ilivyo.

NA SISI WENYEWE JE?

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya watu wa Ulaya. Sivyo. Ifikapo Ramadhani na siku za Idi, sisi wenyewe hujipanga kwa makundi, tukazuru nyumba za mayatima na mabirika ya shurubati na vyombo vya kupigia picha. Mtoto hupangwa mstari, hupewa mfuko, hupigwa picha, na jioni picha imekwisha kusambaa kwa watu elfu. Yule mtoto akikua ataikuta. Tufuturishe, ndiyo, lakini tuifiche picha.

Aidha, kila mmoja wetu ana jamaa ng'ambo, awe London, Muscat, Dubai au Toronto, na siku moja ataletewa barua kama niliyoletewa mimi. Usikimbilie kumtafutia nyumba ya mayatima. Mwulize kwanza maswali haya: Mtoto unayetaka kumhudumia, mama yake yuko wapi? Kazi unayotaka kufanya, hakuna mwenyeji awezaye kuifanya kwa ujira? Una ujuzi gani ambao utabaki kwa walezi ukishaondoka? Kibali na cheti cha polisi unavyo? Na fedha ya safari yako, ikigawanywa, italea nyumba ngapi kwa mwaka? Akiyajibu yote hayo vizuri, mkaribishe kwa mikono miwili. Akishindwa, mkaribishe vile vile, lakini aje atembee.

Na ukishuku kwamba mtoto anadhulumiwa, popote alipo, iko simu ya watoto, nambari 116, isiyolipiwa.

Mwisho, kabla ya kuvuka kivuko kwenda kumtafuta yatima, tuutazame mtaa. Hapana mtaa wa Mombasa, wa Malindi wala wa Lamu usio na mjane anayelea watoto kwa vitumbua au kwa kufua nguo za watu. Karo ikimshinda mwezi wa Januari, ndipo mtoto wake huanza safari ya kwenda kuwa yatima wa kitabu cha wageni. Januari hiyo ndiyo ya kumgongea mlango. Wabillahi tawfiq.